Mteremko wa Rangi na Ngazi Zake

Msomaji akishika picha iliyopigwa chapa, kwanza hutazama nyuso za watu, kisha nguo zao, na mwisho, kama ana nafasi, hutazama mbingu iliyo nyuma yao. Wapiga chapa hufanya kinyume. Wao huanza na mbingu. Kwani uso wa mtu una macho, pua na makunyanzi, na kosa dogo laweza kujificha humo. Lakini mbingu ni tupu. Rangi yake yashuka kutoka buluu nzito huko juu hata weupe karibu na milima, pole pole, wala hakuna mahali uwezapo kuweka kidole na kusema: hapa ndipo ilipogeuka. Basi kosa lolote huonekana hapo. Mara mbingu imekatika michirizi kama tabaka za udongo katika shimo la kisima. Mara buluu imekuwa zambarau bila mtu kuagiza zambarau. Katika kurasa hizi twapenda kueleza maovu hayo mawili yalitoka wapi, na namna mafundi wa nchi mbalimbali walivyoshindana nayo kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi.

Yafaa kwanza tujue shina la taabu yenyewe. Mchoraji akitaka rangi nyepesi huongeza maji au rangi nyeupe. Mashini ya chapa haiwezi. Mashini huweka wino mahali fulani, au haiweki. Hakuna wino nusu. Mwenye wino mweusi ana mambo mawili tu, weusi wa wino na weupe wa karatasi, naye atakiwa kutoa kivuli, moshi, ukungu na shavu la mtoto. Mteremko wa rangi wataka mlima usio na ngazi, na fundi amepewa mawe mawili ya kujengea.

Wa kwanza kupata jibu jema alikuwa askari mmoja Mdachi, Ludwig von Siegen. Mwaka 1642 alitoa picha ya Amelia Elisabeth, mtawala wa Hessen-Kassel, kwa njia ambayo haikuwa imeonekana bado. Njia hiyo, jinsi ilivyofanywa na waliomfuata, ni hii: bamba la shaba hukwaruzwa lote kwa chuma chenye meno madogo sana, hata likawa kama ngozi ya papa. Bamba la namna hiyo likipakwa wino hutoa weusi mtupu. Kisha fundi husugua na kulainisha pale anapotaka nuru. Penye kulainishwa kidogo wino hubaki kidogo, penye kulainishwa sana haubaki hata kidogo. Ndivyo kivuli kilivyoweza kufifia kweli kweli. Lakini meno yale ya shaba ni laini. Yakigandamizwa mara nyingi hulala, na picha ya mwisho hutoka dhaifu kuliko ya kwanza.

Juu ya bamba hilo la von Siegen alijenga mtu ambaye twadhani astahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana. Jina lake Jacob Christoph Le Blon, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1667. Mwingereza Newton alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba nuru nyeupe ya jua imefumwa kwa rangi nyingi. Le Blon hakuwa mtu wa nuru, alikuwa mtu wa rangi za kupaka, naye alishika jambo jingine: kwamba kwa manjano, nyekundu na buluu peke yake mtu aweza kuonyesha kila kitu kionekanacho. Basi alitengeneza mabamba matatu kwa picha moja. Bamba la kwanza lilibeba buluu tu ya picha, la pili manjano tu, la tatu nyekundu tu; yote matatu yakapigwa juu ya karatasi ile ile, moja baada ya jingine, na rangi zote zikatokea kwa mchanganyiko.

Leo mashini hufanya kazi hiyo ya kutenga rangi kwa nukta chache za saa. Le Blon alifanya kwa macho. Alisimama mbele ya picha ya mchoraji, akajiuliza katika kila mahali, mkunjo kwa mkunjo: hapa buluu ni kiasi gani? Kisha akausugua ubao wa shaba kwa kadiri hiyo, akiukisia mchanganyiko ambao hatauona mpaka siku ya kupiga chapa. Mwaka 1719 mfalme George wa Kwanza wa Uingereza alimpa hati ya kulinda kazi yake, na watu wa London wakanunua hisa katika kampuni yake. Picha zikatoka, nyingine nzuri sana. Lakini kampuni ilipoteza fedha za watu, ikaanguka. Sababu hazikuwa moja. Mabamba matatu yalichakaa upesi, wala hayakuchakaa sawasawa. Na bamba la buluu likilegea kabla ya lile la nyekundu, picha yote huelekea wekundu. Hilo ndilo ovu letu la pili, rangi kugeuka, nalo lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Mnunuzi aliyelipa leo hakupata rangi aliyoiona jana mikononi mwa jirani yake.

Le Blon hakukata tamaa. Karibu na mwaka 1725 alitoa kitabu kidogo, Coloritto, kwa Kiingereza na Kifaransa pamoja, akieleza mafundisho yake. Akajaribu na kufuma mazulia ya ukutani kwa rangi chache, na hilo pia halikumfaa. Kisha akahamia Paris, akapewa ruhusa ya mfalme Louis wa Kumi na Tano mwaka 1737, akafa huko mwaka 1741. Hakutajirika kamwe kwa uvumbuzi ambao leo hii wafanya kazi katika kila nyumba ya chapa duniani.

Nafasi yake ilishikwa na Jacques Fabien Gautier d'Agoty, ambaye alikuwa amefanya kazi kwake kwa muda mfupi, akatengana naye. Gautier alishindana na mafundisho ya Newton kwa maneno makali, na katika hayo hakuwa na haki. Lakini mikono yake iliona jambo la maana: wino tatu zikipandana hazitoi weusi wa kweli, hutoa matope ya kahawia. Akashika desturi ya kuongeza bamba la nne, la wino mweusi. Le Blon naye aliwahi kutumia nyeusi pengine, lakini Gautier aliifanya msingi. Mwaka 1746 alitoa kitabu chenye picha kubwa za misuli ya mwili wa binadamu, kwa ajili ya waganga na wanafunzi wao. Hapo twaona kwamba jambo hili halikuwa pambo. Mwanafunzi wa uganga ambaye hana maiti ya kupasua hutegemea picha. Na kama mshipa na msuli vimefanana rangi kwa sababu bamba moja limechakaa, atajifunza uongo.

Twapenda kusimama kidogo na kutazama upande wa mashariki. Huko Japani wapiga chapa walitumia mbao, wala si shaba, nao walikuwa na mteremko wa rangi ambao Ulaya ingeweza kuuonea wivu. Fundi alilowesha sehemu ya ubao kwa maji, akapaka rangi upande mmoja kwa brashi, akaivuta hata ikafifia ndani ya maji yale. Kisha akalaza karatasi na kuisugua. Jambo hilo huitwa bokashi. Tazama picha za Hokusai na Hiroshige za miaka ya 1830: mbingu ina mkanda wa buluu nzito juu kabisa, nao wayeyuka hata ukapotea. Buluu yenyewe ilikuwa imetoka mbali, kwani ilivumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikaletwa Japani kwa merikebu. Hakuna nukta hapo, hakuna ngazi. Ila kila karatasi ilifanywa upya kwa mkono, na hakuna karatasi mbili zilizofanana kabisa. Kwa picha mia chache ni uzuri. Kwa gazeti la watu elfu mia, haiwezekani.

Ulaya ilikwenda njia nyingine. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 Senefelder alivumbua kupiga chapa kwa jiwe huko Munich, na mwaka 1837 Engelmann wa Mulhouse akapata hati ya kupiga mawe mengi kwa rangi nyingi. Picha nyingi takatifu za zamani, zile walizozihifadhi wazee wetu ndani ya vitabu vyao vya sala, zilipigwa hivyo. Ukizitazama kwa kioo cha kukuza utaona nukta nyingi ndogo zilizochorwa kwa mkono, moja moja, na fundi aliyelipwa kwa saa. Picha moja iliweza kutaka mawe ishirini. Jiwe moja likikosea mahali pake kwa unene wa uzi, Mtakatifu Yosefu huonekana na midomo miwili.

Badiliko kubwa lilikuja pamoja na picha za nuru. Mwingereza Talbot, katika hati yake ya mwaka 1852, alionyesha kwamba kitambaa chembamba kikiwekwa kati ya picha na bamba, hukata vivuli katika vipande vidogo ambavyo mashini yaweza kuvipiga. Siku ya 4 Machi 1880, gazeti la Daily Graphic la New York lilitoa picha ya nyumba za maskini wa mji ule, iliyofanywa kwa njia ya Stephen Horgan bila mkono wa mchoraji. Mwaka 1882 Georg Meisenbach wa Munich akapata hati yake. Lakini waliofanya kazi hiyo iwe ya kila siku ni ndugu wawili wa Philadelphia, Max na Louis Levy, katika mwaka 1893. Walichukua kioo, wakakipaka dawa, wakachora mistari kwa almasi, wakakichoma kwa asidi, wakajaza mistari ile rangi nyeusi. Kisha wakagandamanisha vioo viwili ili mistari ipandane kama nyuzi za wavu. Nuru ikipita katika kila tundu la wavu huo hufanya nukta: nuru nyingi nukta ya kadiri moja, nuru chache nukta ya kadiri nyingine. Gazeti la kawaida lilitumia mistari 26 hivi kwa sentimita moja; karatasi laini ya magazeti mazuri iliweza kubeba 60.

Basi jibu la taabu ya kale lilikuwa hili: usipunguze wino, punguza ukubwa wa nukta. Jicho la mtu aliye mbali kidogo halizioni nukta, huona wepesi wa rangi. Mkeka uliosukwa kwa ukindu mweusi na mweupe, ukiutazama kutoka ng'ambo ya uwanja, ni wa kijivu.

Jibu hilo lilileta taabu zake. Nyavu nne za rangi nne zikielekea upande mmoja, nukta hugombana na kufanya maua maua yasiyotakiwa. Mafundi wakajifunza kuzizungusha: nyeusi nyuzi 45, nyekundu 75, buluu 15, na manjano, ambayo jicho haliioni sana, ikaachiwa sifuri. Tena wino ni maji maji. Nukta ikigandamizwa hunenepa. Tangu Ira Rubel wa Marekani alipoona, karibu na mwaka 1904, kwamba picha iliyohamia juu ya mpira huwa nzuri kuliko ile itokayo moja kwa moja katika bamba, kazi ya ofseti ilienea kote. Lakini humo nukta hupita kutoka bamba kwenda mpira na kutoka mpira kwenda karatasi, nayo hunenepa njiani. Nukta iliyokusudiwa kufunika nusu ya mahali pake yaweza kusomeka kama sabini kwa mia. Murray na Davies walitoa hesabu ya kuupima unene huo mwaka 1936. Na mwaka 1951 Yule na Nielsen wakaeleza kwamba sehemu yake si wino hata kidogo, bali ni nuru inayozama katika karatasi na kutokea chini ya nukta, ikiwa imetiwa rangi.

Kunenepa huko kungekuwa jambo dogo kama nukta zote zingenenepa sawa. Hazifanyi hivyo, na ndipo rangi hugeuka. Wino wa buluu ya chapa si safi. Hunyonya na nuru ambayo ingepaswa kuiacha. Kwa hiyo ili kupata kijivu kisichoegemea popote, fundi huweka buluu 50 kwa mia na nyekundu na manjano 40 tu. Ni mizani nyepesi sana. Nyekundu ikipanda kidogo, kijivu chote huona haya kama uso wa mtu. Parokia moja tunayoijua ilichanga fedha ili kupiga kalenda ya mwaka, na kalenda zikarudi kutoka nyumba ya chapa vazi la Bikira Maria likiwa zambarau tupu, kama vile Kwaresima ilikuwa imemkuta yeye pia. Wakristo wengi hawakuzinunua. Nasi twafahamu sababu: buluu yenye kung'aa ya kompyuta ikigeuzwa kuwa wino, huundwa kwa buluu na nyekundu nyingi karibu sawa. Fundi mwangalifu huiacha nyekundu nyuma ya buluu kwa pointi 30 au zaidi, hata kama kioo cha kompyuta chamwambia mambo ni mazuri.

Turudi kwenye michirizi, ambayo kwa muda mrefu haikuwa taabu kubwa. Wavu wa kioo ulipokea nuru ya kweli, na nuru ya kweli haina ngazi. Ngazi zililetwa na hesabu. Mwaka 1985 lugha ya PostScript ya kampuni Adobe ilianza kuongoza mashini za laser, na tangu hapo nukta haikufanywa tena na nuru katika tundu la wavu. Ilijengwa kwa chembe ndogo zilizo sawa, kama ukuta kwa matofali. Msomaji na achukue kalamu. Mashini huandika chembe 1,000 katika sentimita moja, na wavu ni wa mistari 60. Kila nukta basi ina nafasi ya chembe 16 na zaidi kwenda upande, na vivyo hivyo kwenda chini, yaani karibu chembe 278. Ndizo ngazi uwezazo kupata. PostScript ya kwanza yenyewe ilikubali 256. Sasa fundi mwenye haraka na apunguze chembe ziwe 500 kwa sentimita ili kazi iende upesi, asibadili wavu. Ngazi zinakuwa 70 tu. Na mashini ndogo ya ofisi ya siku zile, yenye chembe 118 kwa sentimita, ikitumia wavu wa mistari 24, haikuwa na zaidi ya 26.

Hata 256 hazitoshi siku zote. Tuseme mbingu ya kalenda yashuka kutoka buluu ya 40 kwa mia hata 20. Hiyo ni sehemu ya tano tu ya safari yote, yaani ngazi 51. Mbingu ikiwa na urefu wa sentimita 30, kila ngazi ina upana wa milimita sita, na mtu yeyote ataiona. Tena macho yetu wenyewe hayatusaidii. Mwaka 1865 mwanafizikia Ernst Mach wa Austria alieleza kwamba mahali rangi mbili zinapokutana, jicho huongeza tofauti yao: upande mweusi huonekana mweusi zaidi ukingoni, upande mweupe mweupe zaidi. Ngazi ndogo huwa ukuta.

Dawa iliyo bora kuliko zote ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1961 kijana Lawrence Roberts, mwanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani, alikuwa akitafuta njia ya kutuma picha kwa tarakimu chache. Akaona kwamba akichanganya katika picha chembechembe za bahati nasibu kabla ya kuihesabu, ngazi hupotea. Picha imeharibiwa kidogo kila mahali, na kwa sababu hiyo haikatiki mahali popote. Ni kama kumwaga mchanga juu ya vidato vya ngazi hata vikawa mteremko. Mafundi wa shaba wa karne ya 18 wangemwelewa mara moja: nao walinyunyizia vumbi la ulimbo juu ya bamba kabla ya kulichoma kwa asidi, ili kivuli kipate chembe zisizo na utaratibu. Na mwaka 1993 kampuni kubwa za Ulaya zilianza kuuza nyavu zisizo na mistari kabisa, ambamo nukta zote ni ndogo, sawa kwa ukubwa, zimetawanywa kama mtama uliomwagika. Penye kivuli ni nyingi, penye nuru ni chache. Maua maua yakatoweka, kwani hakuna safu za kugombana. Lakini nukta ndogo hunenepa zaidi, na nyumba nyingi za chapa zimebaki na mistari.

Kwa hiyo fundi wa leo akiletewa mbingu yenye michirizi, kwanza huuliza imetoka wapi. Hupima umbali kati ya mchirizi na mchirizi. Ikiwa umbali ni ule ule katika karatasi yote, hata mahali pasipo na mteremko, basi kosa ni la mashini. Pengine ni meno ya magurudumu yaliyochakaa, wala kompyuta haina hatia. Ikiwa michirizi hufuata mteremko wenyewe, hurudi kwenye picha. Huifanyia kazi kwa tarakimu pana, za biti 16 badala ya 8, mpaka mwisho. Huongeza chembechembe za Roberts, kidogo sana. Haachi mteremko ushuke hata sifuri, kwani nukta za moja au mbili kwa mia hukatika ghafla juu ya bamba na kuacha ukingo mkali. Na kivuli hukiweka zaidi katika wino mweusi, kama Gautier, akipunguza zile tatu, ili mashini ikiyumba kidogo kijivu kisigeuke.

Kuhusu rangi kugeuka, dawa haikuwa ya fundi mmoja, ilikuwa mapatano. Mwaka 1931 wataalamu wa nuru, wakitegemea macho ya watu 17 waliopimwa Uingereza na Wright na Guild, walipatana namna ya kuandika rangi kwa namba. Mwaka 1993 kampuni nane ziliunda baraza moja, ICC, ili kila mashini na kila kioo viwe na hati ya kueleza jinsi vinavyoona na kutoa rangi. Mwaka 1996 kikatoka kipimo cha ISO cha kazi ya ofseti. Na kwa kuwa wino mbili zaweza kufanana chini ya taa na kutofautiana juani, walipatana hata juu ya taa: nuru ya kelvini 5,000, na sampuli hutazamwa chini yake, si dirishani.

Pamoja na hayo yote, ziko buluu na kijani ambazo wino nne haziwezi kuzitoa hata zikipimwa kwa mizani ya dhahabu. Nyumba zenye uwezo huongeza wino wa tano, na pengine wa sita na wa saba. Kila wino ni bamba lake, usafi wake na bei yake, na mwenye kuagiza hulipa.